Darasa la Usiku Sebuleni Mwako

Ndugu msomaji, huenda kijana wako amekwisha kukueleza kwamba anataka kujifunza kutengeneza kurasa za intaneti, naye ameomba fedha za bando. Kabla hujamjibu, au kabla wewe mwenyewe hujaamua kuketi pamoja naye, yafaa uelewe ni kazi ya namna gani.

Ukurasa uuonao katika simu huundwa kwa lugha tatu. Ya kwanza ni HTML, iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN. Hiyo hutaja kila kilichomo: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. Ya pili ni CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, nayo hupanga rangi, nafasi na ukubwa wa herufi. Ya tatu ni JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995. Hiyo huufanya ukurasa uitikie unapobonyezwa.

Mafunzo ya bure yapo. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Mmarekani Quincy Larson mwaka 2014, haitozi ada. Mwanafunzi huandika mstari, mtambo huukagua, ndipo hupewa hatua ifuatayo. Gharama inayobaki ni umeme, bando na usingizi.

Juu ya bando, wengi hudhani kwamba lazima intaneti iwashwe muda wote. Sivyo. Fungua programu ya kawaida ya kuandikia iliyomo katika kompyuta, andika amri zako, hifadhi faili kwa jina la index.html, kisha ulifungue kwa kivinjari. Ukurasa utatokea hata kama bando limekwisha. Basi somo lisomwe mtandaoni nusu saa, na mazoezi yafanywe saa mbili intaneti ikiwa imezimwa.

Lipo jambo litakalowasumbua hasa waliosoma katika shule zetu. Tulifundishwa tahajia ya Uingereza, tukaandika “colour” na “centre”. CSS hufuata ya Marekani: “color”, “center”. Ukiongeza herufi moja tu, kivinjari hakikukemei wala hakikuonyi. Huipuuza amri hiyo kimya kimya. Maandishi hubaki meusi, nawe ukakesha ukitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Nasikitika kusema kwamba mtu aweza kuliacha somo zima kwa sababu ya herufi “u”, akidhani hana akili.

Na wanaoacha ni wengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 juu ya kozi za mtandaoni za Harvard na MIT ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama watatu. Wengine, bila shaka, walikuja kuchungulia tu. Lakini asomaye peke yake baada ya zamu ya kazi hana wa kumwuliza amefika wapi. Mwulize wewe, hata kama huelewi jibu. Afadhali zaidi wawe wawili au watatu wa mtaa mmoja, wakutane jioni maalumu.

Cheti pekee kisikupe matumaini ya ajira ya haraka. Kazi ya kwanza na iwe ndogo: ukurasa wa kinyozi wa jirani, wenye bei zake na saa za kufungua. Kinyozi mwenyewe atayaona makosa upesi kuliko mtambo wowote.