Msiba katika Rosa Mistika na Swali la Mjomba

Tangu ichapishwe mwaka 1971, riwaya ya E. Kezilahabi, Rosa Mistika, imehakikiwa zaidi kama kesi ya maadili. Hata shuleni ilipigwa marufuku kwa muda. Kujiua kwa Rosa hutwikwa Zakaria, baba mkali na mlevi. Lawama hiyo ina msingi, ila imeusukuma msiba wenyewe kando. Mzigua wa Handeni, ambaye ukoo wake kwa jadi hufuatwa kuukeni, ataisoma familia hiyo ya Ukerewe na kuuliza: nafasi ya mjomba i wapi? Msambaa wa Korogwe, wa ukoo wa kuumeni, huenda asiulize. Kwa Mzigua huyo, uvumilivu wa Regina mbele ya kipigo cha mumewe si udhaifu wa mke tu, bali ni dalili ya nyumba iliyoachwa mikononi mwa mtu mmoja.