Mbao za Nyumba: Tusiikimbilie Miti Mibichi



Kikundi kimoja hapa Asumbi kilimjengea mama mjane nyumba ya vyumba viwili. Jirani alitoa mikaratusi bure, mirefu na iliyonyooka, kila mtu akafurahi. Ilikatwa Jumatatu, na Ijumaa ilikuwa juu imepigiliwa mabati. Kiangazi kilipoisha kenchi zilikuwa zimejipinda kama upinde, misumari imeng'oka, na mvua ikamkuta mama na ndoo tano ndani ya nyumba. Nami nilikuwepo siku ya kupigilia, wala sikusema neno.

Mti haukuwa na kosa. Haraka ndiyo ilituponza. Mti mbichi umejaa maji, na ukikauka unapungua na kujikunja, mkaratusi zaidi ya mingine.

Basi tufanyeje? Kata wakati wa kiangazi. Boriti zitolewe magome mara moja. Mbao zikishapasuliwa zipange kivulini, juu ya mawe, zisiguse udongo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine sawasawa, ili upepo upite. Weka mawe mazito juu kabisa. Utajuaje zimekauka? Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mwite fundi.

Kwa nguzo za kuchimbiwa chini, mti wetu ni siala, kwa sababu mchwa hawaupendi. Tena ukiukata unachipuka, kwa hiyo usiing'oe mizizi. Mgrivea hupasuka kwa urahisi na ni mzuri kwa milango, lakini usiuzike ardhini. Mkaratusi unafaa kenchi, ila usiupande karibu na chemchemi.

Wenye pawa soo patana nao bei kwa futi kabla injini haijawaka. Mnyororo wake ni mnene, sehemu ya gogo inaishia kuwa unga. Msumeno wa watu wawili unapoteza kidogo, ingawa mtatoka jasho.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, tangu Februari 2018 hadi Julai 2023, wanunuzi wengi waligeukia miti ya mashamba. Ndiyo maana msikate kabla ya kumwona chifu na watu wa misitu, hasa kama mbao zitapita barabarani. Lori likishikwa bila kibali, hasara ni ya kikundi.

Na jambo moja ambalo hatupendi kulisema: mti ukiwa katika boma la mjane, muulizeni yeye mwenyewe, si shemeji zake peke yao. Nimeona miti ikiuzwa huku mwenyewe yuko sokoni.

Zile kenchi tumezifungua. Mbao mpya za 2 kwa 3 zimelala juu ya mawe nyuma ya jikoni ya yule mama, naye hupeleka kipande chake dukani kila Jumamosi. Wiki iliyopita kilikuwa bado kinashuka.