Gato ilivunjika ku njia ya Kabambare

Wasomaji wetu wa Kasongo wanajua jambo hili: gato ya ndoa haiogopi makala wala mvua sawa vile inaogopa pikipiki. Mwishoni mwa majira ya mvua tulifuatana na mama mmoja, mpishi wa gato hapa Kasongo, aliyepewa kazi ya ndoa kule Kabambare. Gato yenyewe ilikuwa ya gorofa tatu. Kila gorofa iliwekwa ndani ya karatoni yake, na karatoni zote zikafungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira. Njia inapita kilometa 100, na madimbwi hatukuyahesabu. Tulipofungua jioni, gorofa ya chini ilikuwa nzima upande mmoja, ya kati ilikuwa vipande, na ile ya juu ilikuwa imerudi unga.

Njia hii imechosha watu tangu zamani. Misafara ya Waungwana waliotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita kulekule, na Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi kati ya 1870 na 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Lakini Livingstone hakuwa amebeba gato ya mtu.

Mama hakulia. Alikaa ku kiti kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole: unga ya ngano, sukari, mayai, majarini, levire, makala, na pesa ya pikipiki. Kapitali yake yote ilikuwa ndani ya zile karatoni. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini binti yake yuko sekondari, na minerval ilikuwa inangojea faida ya ndoa hii. Wazee wa bwana-arusi walizungumza naye kwa heshima: "Mama, pole sana, tutalipa nusu." Gorofa ya chini ikageuzwa, upande mzuri ukatazama picha, mambo ya ndoa yakaendelea.

Basi yakabaki mabeseni mawili ya gato iliyovunjika. Binti mmoja wa ile nyumba alikuja na simu yake. "Mama, angalia. Marekani wanavunja gato makusudi."

Mama alifikiri ni mchezo. Kumbe ni kweli. Tangu 2008 hivi, Mmarekani mmoja, Angie Dudley, anayejulikana zaidi kwa jina la Bakerella, alieneza keki za kijiti: gato inasagwa kwa mkono, inachanganywa na krimu, inafinyangwa vidonge, inachomekwa ku kijiti sawa suseti, kisha inavalishwa chokoleti na kuchorwa uso wa mnyama au mtu wa filamu za watoto. Alitoa kitabu mu 2010, na vidonge hivyo vilienea ku fete za watoto kule. "Wanavunja gato nzima?" mama aliuliza. "Hao hawana pikipiki."

Usiku ule tulisaidia, na tunaandika hapa namna ilivyofanyika, juu ya wapishi wengine wanaotusoma.

Kusaga ni rahisi, pikipiki ilikuwa imeshafanya kazi. Maganda makavu ya pembeni yalitolewa, maana hayalainiki. Mahali pa krimu mama alitia karanga ya kusaga na maziwa mazito ya kopo, kijiko kimoja kimoja. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: ukitia mingi, kidonge kinakuwa kizito, kinatelemka ku kijiti mpaka mkononi mwa mtoto. Mchanganyiko unatosha ukiufinya na ukashikana bila kuacha mafuta ku vidole. Kila kidonge kilikuwa sawa na yai dogo la kuku wa kienyeji, tena bila ufa, juu ya ufa mdogo leo ni kidonge kilichopasuka kesho. Firigo hakuna. Vililala ku sinia chini ya kitambaa, na baridi ya alfajiri ikavikaza.

Tatizo lilikuwa chokoleti. Hata ingepatikana Kabambare, chokoleti inayeyuka ku digri 34 hivi, na inaanza kulainika mbele ya hapo. Ukiianika saa saba ya mchana mu jua letu, unauza vijiti.

Mama aliijua njia nyingine, aliyofundishwa zamani na masista: sukari ya kupiga, ile Wafaransa wanaita fondanti. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji, matone machache ya ndimu. Inachemka ku babula bila kukorogwa, mpaka tone lake likiingia ndani ya maji baridi linakuwa kidonge laini chini ya vidole. Unaipua, unaacha ipoe mpaka mkono unavumilia chini ya sufuria, ndipo unapiga kwa mwiko bila huruma. Kwanza inafanana na asali. Ukikata tamaa, usiache: inageuka ghafla, nyeupe na nzito. Ndimu ndiyo inazuia sukari isirudi chembechembe. Wakati wa kuvalisha, unapasha ile sukari juu ya maji ya moto na kijiko kimoja cha maji, mpaka itiririke sawa uji mwepesi. Isichemke tena, inapoteza mng'aro.

Kijiti kinachovywa kwanza ncha ndani ya sukari, kinaingizwa mpaka katikati ya kidonge, kinaachwa kikauke. Hiyo ndiyo misumari yake. Kisha kidonge chote kinazama mara moja, kinatoka, unagongagonga kiganja kidogo ili ya ziada idondoke. Vijiti vilikuwa vya mianzi, vile vya mishikaki, ncha kali zikiwa zimekatwa. Na pa kuvisimamisha? Marekani wanatumia povu gumu la plastiki. Mama alikata kipande cha mgomba, akakilaza, akachomeka vijiti vyote mstari kwa mstari. Hatukuona kilichoanguka.

Rangi: manjano ya unga kwa vifaranga, na maji mekundu ya ngai-ngai kwa midomo na maua. Ngai-ngai ni chachu, kwa hiyo pale ndimu haikutiwa. Vifaranga vilitoka vizuri sana. Chui wa timu yetu ya taifa, madoa yake yakichorwa kwa kakao, alitambulikana. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu alishinda kila mtu. Mtoto mmoja aliuliza kama ni panya.

Asubuhi watoto walijaa uani. Gato nzima mtoto hawezi kununua, lakini noti ya franga 500 inapatikana ku shangazi, na kwa noti ile alipata kifaranga chake. Vidonge 64 viliisha mbele ya adhuhuri. Wingu lilipoanza kujikusanya, mama alivingirisha vya mwisho ndani ya karanga ya kukaanga iliyopondwa, juu sukari inavuta maji ya hewa na kunata. Jioni alikuwa amerudisha pesa ya unga na mayai. Ya sukari na ya safari bado. Minerval haikutimia, aliilipa kwa mafungu mawili, na binti yake alikosa wiki moja ya masomo.

Tulimtembelea tena Kasongo. Alikuwa amepata komande ya Idi, ya Kabambare tena, na safari hii alidai nusu ya pesa mbele ya kununua kilo moja ya sukari. Gato ya gorofa hapeleki tena kwa pikipiki. Vidonge vinasafiri bila nguo, ndani ya ndoo yenye kifuniko, majani ya ndizi kati ya safu na safu. Sukari inapikwa kulekule, na mgomba unakatwa kulekule. Alituonyesha pia kasuku mpya. Mkia sasa anao, lakini shingo bado.