Chambo Gani kwa Samaki wa Bwawa?

Leo tuongee na wale wanaofuga samaki kwenye mabwawa ya kando ya mikoko, upande huu wetu wa Junda.

Mteja amekuja, anataka mwatiko watatu tu. Je, tuvute wavu bwawa zima? Tope litavurugika, na mwatiko akishikwashikwa magamba humtoka upesi, hata akirudishwa majini aweza kufa. Hiyo ni hasara ya kikundi kizima. Kwa samaki wachache, afadhali ndoana. Hata Petro alitumwa baharini na ndoana, si wavu (Mathayo 17:27).

Lakini chambo gani? Tujifunze kwa wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Wao hutumia nzi wa bandia, yaani manyoya na uzi uliofungwa kwenye ndoana. Kwanza huangalia wadudu walioko majini siku hiyo, kisha huchagua nzi anayefanana nao kwa ukubwa na rangi. Na kwa trauti aliyefugwa kwa chakula cha punje, huweka nzi wa rangi ya kahawia, mfano wa punje yenyewe. Siri ni moja: samaki hushika kile alichozoea kula.

Basi kwetu tufanye hivi:

1. Mwatiko hana meno, mdomo wake ni mdogo, na hula ukoga wa chini ya bwawa. Msimpe nyama. Mkizi naye ni vivyo hivyo. Wapeni donge la mkate au unga uliokandwa, dogo kama punje ya mahindi. Tilapia atakula donge hilo, na nyungunyungu pia.

2. Kama mmewazoesha pumba, changanyeni pumba hiyo hiyo na unga wa ngano kidogo ili ishike kwenye ndoana.

3. Ndoana iwe ndogo. Namba ikipanda, ndoana hupungua. Jaribuni namba 10 hadi 14. Bonyezeni kile kimeno chake kwa koleo mpaka kilale, ili samaki mdogo arudi majini bila jeraha kubwa.

4. Siku ya kuvua msiwalishe kwanza. Tupeni mshipi pale pale mnapowalishia, na saa ile ile. Alfajiri mkiwaona samaki wanahema juu ya maji, acheni. Hewa majini imepungua.

Kwa mavuno makubwa, ngojeni bamvua. Maji mapya yakiingia mlangoni mwa bwawa, mwatiko huyakimbilia wakiogelea dhidi ya mkondo. Wavu hapo mlangoni utawapata wengi bila kukausha bwawa.

La mwisho, jamani. Mshipi na ndoana huingia mfukoni. Samaki mmoja aliyevuliwa usiku bila kuandikwa huleta maneno, na maneno huvunja kikundi. Kwa hivyo kila anayevua awe na shahidi, na daftari la kikundi liandikwe tarehe, idadi, uzito na bei. Uzito huo pia utawaonyesha kama samaki wanakua au mnapoteza pumba bure.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.