Neno "Capital" na Vichwa Vyake Vingi

Leo nataka tulitazame neno moja la Kiingereza ambalo mtu wa Dodoma hawezi kuliepuka, likiwa katika karatasi za serikali, katika mikataba ya mikopo, au katika mashauri ya mahakama. Neno lenyewe ni "capital". Mtu akilitafuta katika kamusi huenda akadhani ya kuwa macho yamemdanganya, maana ataona mji, fedha, herufi, nguzo na kifo vimekaa pamoja kama ndugu wa nyumba moja. Na kwa kweli ni ndugu. Mzazi wao ni neno la Kilatini, "caput", maana yake kichwa.

Tuanze na mji, kwa kuwa mji ndio uliolileta neno hili Ugogo. Waingereza waliuona mji wa serikali kuwa ni kichwa, na miji mingine yote kuwa ni viungo. Kiswahili kilishika njia mbili. Twasema "mji mkuu", na twasema pia "makao makuu", na hili la pili latokana na kukaa. Tofauti hii si ndogo. Kichwa chaweza kutajwa tu kwa jina, lakini makao hayawi makao pasipo mkaaji. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 ya kuwa makao makuu yahame kutoka Dar es Salaam yaje Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake za Kiingereza, CDA, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Kwa zaidi ya miaka arobaini jina lilikaa Dodoma, na wizara nyingi zikakaa pwani. Bunge lilitangulia katika miaka ya tisini, na wizara zikaanza kufuata mwaka 2016. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018, na mwaka 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali hapo Mtumba, mashariki ya mji, kandokando ya barabara iendayo Morogoro. Hapo ndipo neno la Kiswahili lilipopata haki yake.

Sasa tuje kwenye mali. Mfanyabiashara akisema "capital" hana habari na mji wo wote. Ataka kusema mtaji, yaani fedha au vitu vya kuanzia kazi. Kiswahili kina neno jingine, "rasilimali", na hilo ni la ajabu sana. Tulilipata kwa Waarabu: "ras" ni kichwa, na "mal" ni mali. Kwa hiyo rasilimali ni kichwa cha mali, ile fedha ya asili kabla faida haijaongezeka. Mrumi na Mwarabu, kila mmoja kwa lugha yake, waliuona mtaji kuwa ni kichwa! Ama yule mwenye mtaji mkubwa tulimwita bepari, na hilo lilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwao lilikuwa jina la mchuuzi tu, wala halikuwa tusi.

Tena liko jambo ambalo nadhani wazee wa Kigogo watalipenda. Neno la Kiingereza la ng'ombe, "cattle", lilizaliwa katika tumbo lile lile la "capital". Hapo kale lilikuwa na maana ya mali ya mtu kwa jumla, na baadaye likabaki kwa mifugo peke yake. Basi Mgogo aliyehesabu utajiri wake zizini, akatoa mahari kwa ng'ombe na kuwauza wachache mwaka wa njaa ili anunue nafaka, hakuwa na haja ya kufundishwa maana ya mtaji.

Maana nyingine twaweza kuzipita upesi. Katika maandishi ni herufi kubwa, ile ianzayo jina la mtu au la mahali. Katika ujenzi ni kichwa cha nguzo. Waingereza wa zamani walilitumia hata kusifu, kama sisi tusemavyo "vema sana!", lakini siku hizi ni nadra kulisikia hivyo.

Iko maana moja isiyotaka haraka. Katika sheria, kosa linaloitwa "capital" ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo, kwa kuwa hapo zamani mkosaji alipotezewa kichwa chake. Mtu aliyeshitakiwa kwa kuua kwa kukusudia hapati hata dhamana. Jamaa zake wakilisikia neno hilo mahakamani na kulidhani kuwa lahusu fedha, watakwenda kuuza ng'ombe ili kumtoa, kumbe hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kumtoa.

Kwa sababu hiyo kazi iliyoanza mwaka 2021 ni nzito. Mwaka huo Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kutafsiriwa. Mfasiri akilikuta neno hili hawezi kuchagua tafsiri moja na kuitumia kila mahali. Mfikirieni mtu auzaye kiwanja chake karibu na Mtumba. Kiwanja kimepanda bei kwa sababu ya "capital", yaani makao makuu. Chenyewe ni "capital", yaani rasilimali yake. Akipata faida, atadaiwa kodi ambayo jina lake la Kiingereza laanza na neno hilo hilo. Na kodi hiyo haihusu mji hata kidogo, yahusu ile faida aliyoipata juu ya gharama zake. Ni haki yake kuyasoma hayo kwa Kiswahili kilicho wazi kabla hajatia sahihi.