Mtoto Anayeogopa Kukosea

Wanachuo warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hutuletea habari za mtoto wa namna moja. Wenzake wamekwisha maliza hesabu kumi. Yeye amefanya tatu. Daftari lake ni safi kuliko yote, ila limetoboka pale raba ilipopita mara nyingi. Aulizwapo swali hunyamaza, ingawa jibu analo. Mwalimu mgeni huandika kuwa mtoto huyo ni mzito au mvivu, na mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Hesabu saba hazikuachwa kwa kutojulikana, bali kwa sababu mtoto hakuridhika na zile tatu.

Kupenda kazi nzuri si ugonjwa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Don Hamachek wa Marekani aliwatenganisha watu wa aina mbili: yule ajitahidiye na kuifurahia kazi yake, na yule ambaye hakuna afanyalo likamtosha. Mwaka 1991 Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada waliongeza jambo linalomhusu mwalimu zaidi. Mtu aweza kujidai ukamilifu mwenyewe, au kuwadai wengine, au kuamini kuwa wengine hawatamkubali mpaka awe hana kasoro. Aina hii ya tatu ndiyo ambayo tafiti zimeihusisha sana na wasiwasi, sonona, na hata mawazo ya kujiua. Si kwamba kila mtoto wa namna hiyo ataugua. Lakini mzigo anao.

Je, mtoto wa darasa la nne huipata wapi imani hiyo? Pengine nyumbani. Lakini tuangalie na darasani. Alama husomwa kwa sauti kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Akosaye huchekwa, na mwalimu naye hutabasamu. Yule wa kumi juu ya kumi hupigiwa makofi kila siku. Siku apatapo nane huulizwa, mbele ya wote, amepatwa na nini. (Sisi walimu humwangalia wa mkiani tu, tukidhani wa kwanza hana haja nasi.)

Hata sifa zahitaji uangalifu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao kwa watoto wa Marekani. Waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi.

Basi usahihishapo, usitie alama ya kosa na kupita. Andika: "Njia yako ni sawa hadi mstari wa tatu; tazama tena wa nne." Waagize watoto wakate kosa kwa mstari mmoja badala ya kufuta, kwani raba humficha mwalimu mahali ambapo fikra ilipotea. Nawe ukikosea ubaoni, sahihisha kwa utulivu mbele yao, bila kujitetea.

Akiwapo mtoto ambaye tumbo humuuma kila asubuhi ya jaribio, halali, au hulia kwa alama ambazo wenzake wangezishangilia, usimzungumzie mbele ya darasa. Kaa naye faraghani, mwite mzazi, na hali isipobadilika washauri waende kituo cha afya.