Feni ya pili kwa gari la zamani: ifungwe vipi bila kuleta moto

Wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, bado wanategemea magari ya zamani kupeleka watoto shuleni, bidhaa sokoni na wagonjwa hospitalini. Lalamiko la kawaida kuhusu magari haya ni injini kuchemka yanapokwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, Juja Road au Outer Ring. Mafundi wengi wa jua kali hulitatua kwa kuongeza feni ya pili, ya umeme, iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa. Tiba hiyo ni nafuu na inafanya kazi. Lakini feni hiyo ikifungwa ovyo, gari lililokuwa likichemka tu linaweza kuungua. Makala hii inaeleza namna ya kuifunga vizuri, ili mwenye gari ajue la kumwambia fundi na la kukagua kabla ya kulipa.

Kwa nini gari huchemka likisimama

Katika magari mengi ya zamani, feni ya rejeta huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani hupoza rejeta. Gari likisimama, upepo huo hukatika, na kwa kuwa injini inazunguka polepole, feni nayo huzunguka polepole. Feni ya umeme haitegemei mwendo wa injini, na ndiyo sababu inasaidia kwenye msongamano.

Jambo lingine ni mwinuko wa jiji letu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji matupu huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi, si 100. Swichi nyingi za joto huwasha feni kati ya nyuzi 88 na 97. Kinachozuia maji yasichemke mapema ni kulanti pamoja na kifuniko cha rejeta, ambacho huhifadhi presha ndani. Kifuniko kikilegea na rejeta ikiwa na maji ya mfereji pekee, maji yanaweza kuchemka kabla feni haijawaka. Kwa hiyo anza na kifuniko. Bei yake ni ndogo kuliko ya feni.

Chunguza kwanza

Feni haitibu kila joto. Tazama gari linachemka wakati gani:

- Likichemka likisimama na kupoa likienda kasi, tatizo ni upepo. Feni ya pili itasaidia.
- Likichemka hata likienda kasi, shuku rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama au pampu ya maji.
- Likitoa moshi mweupe usiokwisha, au mapovu yakitokea kwenye rejeta injini inapozunguka, huenda gasketi ya silinda imepasuka. Usifunge feni kabla ya kurekebisha hilo.

Kununua feni iliyotumika

Feni hizi hupatikana Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, na pia Kariobangi Light Industries. Chagua feni yenye mota ya nyaya mbili tu. Feni za baadhi ya magari mapya huendeshwa na kompyuta ya gari, na hazitazunguka vizuri zikiungwa moja kwa moja kwenye betri.

Zungusha mapanga yake kwa mkono: yazunguke bila kukwaruza wala kuyumba. Kisha mwombe muuzaji aijaribu kwa betri, na apime umeme inaovuta. Feni nyingi za magari madogo huvuta kati ya ampea 10 na 20. Inayovuta zaidi ya hapo huku ikizunguka kwa uzito ina mota iliyochoka.

Dai risiti yenye jina la duka na maelezo ya kifaa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na risiti ni ushahidi wako kwamba ulinunua kwa nia njema. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, jiulize kifaa hicho kimetoka wapi.

Kufunga kwenye rejeta

Upepo lazima uende upande mmoja na upepo wa barabarani, yaani kutoka mbele ya gari kuelekea injini. Feni iliyo mbele ya rejeta husukuma. Iliyo nyuma huvuta. Kubadilisha nyaya ili feni ya kuvuta isukume hakutoshi, kwa sababu mapanga yake yamepindwa kwa kazi moja, na nguvu yake hupungua.

Usikubali feni ifungwe kwa kamba za plastiki zinazopenya kati ya mapezi ya rejeta. Mtikisiko wa barabara utazifanya zisugue mirija hadi itoboke. Mafundi wa vyuma wa Kamukunji wanaweza kukukatia vipande vya chuma bapa vya kushikilia feni kwenye fremu ya rejeta. Kama feni ilikuja na kava lake la plastiki, litumie, maana linaelekeza upepo upite kwenye rejeta yote.

Hatari iko kwenye waya

Makosa makubwa hutokea hapa. Njia ya mkato ni kuvuta waya kutoka kwenye betri hadi swichi ndogo ya dashibodi, kisha hadi kwenye feni. Swichi hiyo haikuundwa kubeba ampea 15 kwa saa nzima. Hupata joto, plastiki yake huyeyuka, na moto huanzia ndani ya gari.

Njia salama ina vitu vinne:

1. Fyuzi karibu na betri. Iwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye betri, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi. Kwa feni nyingi, fyuzi ya ampea 30 inatosha. Fyuzi inalinda waya, hivyo ikiungua tafuta sababu. Kamwe usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake.
2. Waya wa kutosha. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, wa milimita 4 za mraba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi na mkanda.
3. Rilei. Hii ndiyo swichi ya kubeba mzigo. Kwenye rilei ya kawaida, namba 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi na 87 huenda kwenye feni. Namba 86 hupata umeme wa funguo, na 85 huenda kwenye swichi ya joto.
4. Swichi ya joto. Huwasha na kuzima feni yenyewe, bila dereva kukumbuka.

Sisitiza namba 86 ichukue umeme unaokatika funguo ikizimwa. Kwenye viwanja vya mitaa yetu magari huegeshwa yakikaribiana, mara nyingi chini ya madirisha ya nyumba. Hitilafu ya feni inayobaki na umeme usiku kucha ni hatari kwa majirani waliolala.

Kagua pia altaneta. Washa taa kubwa, waipa na feni huku injini ikizunguka polepole, kisha pima betri. Ikisoma chini ya volti 13, altaneta huenda haitoshelezi mzigo huo.

Kulanti isiingie mtaroni

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua mtoto au mbwa akiinywa. Ikimwagwa mtaroni huishia Mto Nairobi au Mto Ngong, na hatimaye Mto Athi. Ikinge kwenye jerikeni, iandike wazi, iweke mbali na watoto, kisha umkabidhi msafirishaji taka mwenye leseni ya NEMA.

Gari likichemka njiani

Egesha pembeni na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, kwani maji yenye presha huunguza uso na mikono. Ukiona moshi au kunusa plastiki inayoungua, toa abiria wote na usimame mbali. Usiinue boneti, kwa sababu hewa huchochea moto. Piga simu 999 au 112 na utaje barabara pamoja na alama ya karibu, kama vile steji, shule au kituo cha mafuta.

Huduma za kuzima moto ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Hata hivyo, kwenye msongamano uleule uliochemsha gari lako, gari la zimamoto nalo litachelewa. Kabla ya kulipa, fungua boneti na umwambie fundi akuonyeshe fyuzi na rilei. Asipoweza kukuonyesha, kazi haijaisha.